Shangazi Bado Anasoma

9 Januari 1986

Mwanangu,

Pokea salamu kutoka nyumba hii ambayo sasa ina watu wawili tu, mimi huku juu na fundi saa huko chini. Mimi ni mzima. Mwishoni mwa mwezi uliopita niliamka na kichwa kizito, nikaanguka bafuni, nikalazwa siku nne, wakaniruhusu. Usianze kuhangaika na hali yako hiyo. Kilichobaki ni bega la kulia kugombana na milango tu. Napita nikidhani nafasi ipo, kumbe nimeelemea ukutani.

Barua yako ya Novemba niliisoma mara tatu siku ile ile ilipofika. Miaka saba ya kungoja, halafu habari yenyewe unaiweka chini kabisa, baada ya mvua na baiskeli iliyoibiwa, kana kwamba imekuponyoka. Mimba ya miezi mitatu! Nilicheka peke yangu mpaka fundi akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Marehemu kaka yangu angekuwepo angejifanya hakusikia, ili umwambie babako mara ya pili.

Fundi hajambo. Ubao wake bado unasema SAA ZOTE ZINATEGENEZWA. Huu mwaka wa tisa namwambia kuna N imepotea, naye ananijibu kwamba saa hazijui kusoma.

Uliniuliza nasomaje sasa nimestaafu. Kule kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na moja, nilisoma kutafuta makosa. Ukisoma hivyo hujui kitabu kinasema nini, unajua koma iko wapi. Cha kwangu mwenyewe nakisoma kwanza kwa pupa, kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu, halafu nakirudia polepole, rula ya chuma chini ya mstari. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, kiti cha dirishani, mikono imeoshwa, chai iko mbali. Sikunji pembe ya ukurasa, naweka uzi. Nikimaliza naandika tarehe kwenye karatasi ya mwisho. Kile cha mke wa mlinzi wa daraja kina tarehe kumi na moja. Cha magonjwa ya ng'ombe kina sita, na mimi sijawahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe. Lakini yule daktari wa mifugo aliandika kwa huruma ambayo sijaiona kwa wanaoandika mapenzi. Kamusi iliyopoteza jalada pamoja na herufi A yote naitafuna jioni kama karanga. Na kuna kile cha hadithi fupi, tulichokifunga bila ukurasa wa mwisho, nakala elfu mbili, kosa langu mimi. Mwisho wa hadithi ile nimejitungia mara nne na hakuna hata mmoja ulionifaa.

Sasa hivi nimeshika tena cha mlinzi wa daraja. Itakuwa tarehe ya kumi na mbili.

Kula vizuri. Lala mchana. Mpe mumeo mkono wangu.

Ni mimi shangazi yako.


2 Februari 1986

Shangazi, shikamoo.

Sisi huku tunaendelea. Mume wangu ameipaka rangi chumba cha nyuma peke yake, ukutani ni kijani, na yeye mwenyewe ni kijani mpaka masikioni. Mafundi mitambo wenzake wanamwita Mchicha. Mimi bado niko meza ya ukaguzi. Kitambaa kinapita chini ya taa kama mto na mimi natafuta uzi uliokatika. Wenzangu wananiita Macho. Nawaambia hii ni kazi ya ukoo, shangazi yangu alikagua maneno, mimi nakagua pamba.

Ila nesi wa kliniki hapendi miguu yangu. Imevimba, na presha inapanda. Ameniandikia nilale kila mchana, kwa hiyo nasoma, na ninasoma kwa namna ambayo ingekufanya unipokonye kitabu: nakunja kurasa, nakula huku nasoma, naanza na mwisho nijue kama nitalia. Kijitabu cha mapishi nimekimaliza mara mbili kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Najua huazimishi kitabu cha mlinzi wa daraja, sikiombi. Naomba uninakilie tu ule ukurasa ambapo mke wake anajifungua na maji yamefika dirishani. Ulinisomea nikiwa darasa la pili, ukaruka mistari, ukadhani sikuona. Sasa nataka na ile mistari uliyoruka.

Na jambo moja zaidi, ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Shangazi, unaweza kuja? Mama hayupo. Mama mkwe wangu ni mtu mwema lakini anaogopa damu. Natarajiwa katikati ya mwezi wa tano, ila nesi ananiangalia kwa jicho ambalo silipendi. Ukija hata mwezi wa nne itakuwa vizuri. Nijibu ndiyo au hapana tu. Mume wangu atakupokea kituo cha basi.

Usisahau kunirudishia barua hii na wino wako mwekundu, kama kawaida. Nimekosea mahali pawili makusudi, nione kama kustaafu kumekulegeza.

Wako, yule yule uliyemfundisha a-e-i-o-u kwa maharage.


1 Machi 1986

Mwanangu mpendwa,

Natumai mko salama wote watatu. Mimi niko salama. Joto limepungua na mtaa umepata lami mpya, basi watoto wanatembea juu yake kwa vidole kana kwamba itawauma.

Barua yako nimeipata, ahsante. Nimefurahi kuona kiwanda kimekupa bahasha nzuri namna hii, zenye picha ya uzi. Naziona kwa mbali mkononi mwa mleta barua na moyo unaruka.

Naendelea na mke wa mlinzi wa daraja. Nimefika pale anapohesabu magari yanayovuka kwa kutia fundo kwenye kamba. Kila mara nasema mwaka huu nitampenda mumewe zaidi, na kila mara simpendi. Naendelea na mke wa mlinzi wa daraja. Kitabu kikishakuwa chako hivyo, unakijua hata ukifumba macho. Hilo ndilo jambo zuri la kurudia, hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya.

Mwambie mumeo asikunyanyulishe ndoo. Na wewe usijifanye chuma.

Shangazi yako, akiwa dirishani.


20 Machi 1986

Shangazi, shikamoo.

Mtoto alikuja tarehe sita. Alikuja mapema sana. Alikuwa msichana. Aliishi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na muda wote huo alinishika kidole hiki ninachoandikia.

Mume wangu alitengeneza sanduku mwenyewe kwenye karakana ya kiwanda. Tangu siku hiyo hajasema maneno kumi.

Hukunijibu kama unaweza kuja. Sasa sikuombi uje kusaidia, hakuna cha kusaidia. Njoo tu ukae. Ukae kwenye kiti na usome kitabu chako, mimi nisikie kurasa zinafunguka. Sina mtu mwingine.

Njoo.


18 Aprili 1986

Mwanangu kipenzi,

Salamu za upendo. Barua yako imefika, nimefurahi sana. Ilikuwa nyembamba, nikajua kuwa mambo ni shwari. Mtu mwenye raha haandiki mengi.

Naona mwezi wa tano huo unabisha hodi. Sikutaka kukaa mikono mitupu. Nimekushonea shuka tatu ndogo, pindo zote kwa mkono. Fundi saa ameniuliza kama nimeanza kuwashonea shuka saa zake. Pamoja nazo kuna kitabu, cha kwanza cha mtoto wetu. Kina picha za wanyama, tulikichapa sisi, na kurasa zake ni nene, hata akizitafuna hazitaisha leo. Ndani nimeandika neno kwa ajili yake. Umsomee tangu siku ya kwanza, usingoje ajue kusikiliza. Wewe nilianza kukusomea una wiki mbili, ukalala, nikaona hiyo si sababu ya kuacha.

Mimi nasoma, kama unavyonijua. Sasa ni zamu ya ng'ombe.

Kifurushi kitakuja peke yake, nyuma ya barua hii. Wabusu wote walio ndani ya nyumba hiyo, na aliye ndani yako.

Shangazi yako.


11 Mei 1986

Shangazi,

Barua yako ilinikuta ninatoka kazini na niliisomea getini. Kifurushi kimekuja leo.

Umefurahi sana. Nimelirudia neno hilo mpaka likapoteza maana. Nikukumbushe nilichoandika? Kwamba mwanangu aliishi saa sita. Wewe ukajibu kwamba barua ilikuwa nyembamba.

Mume wangu ananiambia labda ni uzee. Mimi nimekataa. Mtu anayekumbuka mke wa nani anatia fundo kwenye kamba gani hajazeeka. Nadhani nimejua kilichotokea. Barua zangu uliziweka chini ya kitabu ukasema nitazisoma baadaye, na baadaye haikufika. Maisha yako yote watu walio kwenye karatasi wamekuwa na nafasi kuliko waliopo. Baba alikuwa akilisema hilo nikikutetea. Hata wino mwekundu hukujishughulisha nao. Hata barua zako mwenyewe sasa unaziandika hovyo, sentensi moja mara mbili, wewe uliyewahi kunirudishia kadi ya arusi yangu kwa sababu ya nukta.

Shuka na kitabu ninavirudisha. Nimeona ulichoandika ndani. Ningechana ukurasa ule, lakini mikono yangu uliilea wewe, haijui kuchana kitabu.

Usiniandikie.


27 Julai 1986

Mwanangu,

Uliniambia nisiandike. Naandika mara moja hii, halafu utakavyoamua ndivyo itakavyokuwa. Kama nitarudia sentensi, nisamehe. Nikishanyanyua kalamu sijui nimeishia wapi.

Sijui kusoma.

Nilikuwa najua, wewe ndiye shahidi. Lakini tangu asubuhi ile ya bafuni mwezi wa Desemba, sijui. Hospitali walinipa gazeti la kupitishia muda, nikadhani ni la lugha ya kigeni, nikamwambia nesi anipe letu. Akasema, mama, ndilo letu hilo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipima macho akasema ni mazima. Akanipa karatasi akaniambia niandike, Leo ni Jumatatu, nikaandika bila shida. Akaichukua, akazungumza nami kidogo kuhusu nyumbani, kisha akanirudishia ile ile. Akasema, sasa isome. Niliona mistari iliyopinda, kama nyayo za kuku kwenye udongo. Mwandiko niliutambua kuwa ni wangu. Neno hata moja sikulijua. Alisema mshipa umeziba nyuma ya kichwa, na pale palipokuwa pakitambua herufi pamekufa, ila mkono una njia yake nyingine, ndiyo maana naandika. Alisema huenda ile njia ya macho ikarudi. Nikaona kama ni ya kurudi, ya nini kumtangazia mtu.

Basi nikakaa nikiingoja. Kila asubuhi saa kumi na mbili nilinawa mikono nikakaa dirishani na rula. Niliisogeza mstari kwa mstari na kufungua ukurasa kila baada ya dakika mbili, kwa sababu mwalimu wa nyumba ya pili huwa anapita hapo chini na kunipungia. Niliyokuandikia kuhusu mke wa mlinzi wa daraja yalitoka kichwani. Sijasoma neno tangu mwaka jana.

Barua yako ya Februari ilipofika niliiweka mezani. Nilijua ni yako kwa ile picha ya uzi. Nilisema wiki hii macho yatafunguka, nitaisoma. Ilipofika mwisho wa mwezi nikasema atajiuliza mbona kimya, nikakujibu kwa kubahatisha. Ya Machi nayo hivyo hivyo. Niliipima mkononi, mwanangu. Nilipima uzito wa bahasha nikasema mtoto wangu ana raha.

Utauliza kwa nini sikumpa mtu anisomee. Niliwaza. Ningempa nani? Kila mtu wa mtaa huu nimeshamsahihisha. Mwalimu nimemrudishia tangazo lake la shule. Mleta barua nilimwambia mbele ya watu kwamba anasoma anwani kama anayetembea kwenye miiba. Nilikuwa mimi ndiye ninayejua, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, sina mume wala mtoto wa kuzaa. Nikaona bora niwe mtu anayechelewa kujibu kuliko mwanamke anayeshika barua juu chini. Sikujua kulikuwa na nini ndani ya bahasha. Hilo ndilo ninalojiambia. Lakini naijua kazi yangu: ambaye hakusoma hawezi kusema hakukuwa na kosa.

Kisha kifurushi kikarudi. Kifurushi hakihitaji kusomwa. Niligusa shuka, zimekunjwa vile vile nilivyozikunja, na kitabu cha wanyama. Na juu yake kuna barua. Nilikaa nayo wiki tatu. Nililaza rula chini ya mstari wa kwanza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, siku baada ya siku, nikimwomba Mungu herufi moja tu.

Siku ya ishirini na mbili niliteremka kwa fundi saa nikamwekea barua zote tatu juu ya meza, katikati ya vyuma vyake. Nikamwambia nisomee. Alidhani namtania. Nilipomweleza aliondoa lenzi yake jichoni, akafunga mlango wa duka.

Anasoma polepole, kidole juu ya neno. Ya Februari aliisoma akicheka pale pa mchicha na pale pa wino mwekundu. Alipofika pale unaponiuliza kama nitakuja, akaacha kucheka akaniangalia, nami nikamwambia aendelee. Akafungua ya Machi. Akaipitia kwanza kimya kimya, nikaona midomo yake inacheza. Akasema, "Mama, hii nikusomee?"

Nikasema, "Soma kama ilivyoandikwa."

Aliisoma. Haina mistari ishirini. Alipomaliza nilimwambia arudie, akarudia, na nilipomwambia mara ya tatu alikataa. Ya Mei aliisoma akiwa amenipa mgongo.

Kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuniletea tangu mwezi wa pili?"

Nikamwambia ukweli. "Kwa sababu ya ubao wako."

Alinishika mkono akanipandisha ngazi, yeye upande wa ukuta, kwa sababu ya lile bega.

Sina la kuomba. Ulisema watu wa kwenye karatasi walikuwa na nafasi kuliko waliopo. Mwezi wa Machi wewe pia ulikuwa kwenye karatasi, hatua mbili kutoka kiti changu, ukiniita, nami nilikuwa nafungua kurasa za kitabu nisichokiona ili mpita njia anione nasoma. Mtoto aliishi saa sita. Barua yako ilikaa mezani kwangu siku themanini na kitu.

Vitabu nimevipeleka maktaba ya shule. Mwalimu aliniuliza kama nina hakika. Sikumwambia kitu. Kiti nimekigeuza kikaangalia ukuta.

Nimesema nilivyoweza. Siwezi kuirudia barua hii nione nimekosea wapi.

Shangazi yako.


5 Oktoba 1986

Shangazi, shikamoo. Fundi, shikamoo na wewe, maana najua sauti hii ni yako.

Barua ilinifikia katikati ya Agosti. Nimeanza kuijibu mara nyingi. Mwanzoni nilikuwa nikiandika kama zamani, halafu nakumbuka kwamba kila neno litapita kwanza kinywani mwa mtu nisiyewahi kumwona, nalichana. Fundi, usichukie. Ulifunga duka lako kwa ajili yetu, na hilo silisahau. Lakini kuna mambo mawili matatu ambayo ningemwambia shangazi peke yake, na sasa hakuna njia ya kumwambia. Yatabaki huku.

Nitasema yale yanayoweza kusikika.

Mume wangu aliomba uhamisho mwezi wa sita, amepelekwa kiwanda kingine. Aliondoka na begi la spana na nguo za kazi. Hatukugombana. Alisema hawezi kupita kwenye mlango wa kile chumba cha kijani, nami sikuweza kumwambia apake rangi nyingine. Barua hajaandika. Sijui kama ni hasira au ni kama wewe, anangoja kitu kirudi.

Mimi nimetolewa meza ya ukaguzi. Marobota mawili yalipita mbele yangu yana mipasuko ya urefu wa mkono, nikayatia muhuri kuwa ni mazima. Sasa nafungasha. Hakuna anayeniita Macho tena, nadhani wanaogopa kunichokoza. Na kusoma pia nimeacha. Herufi nazijua zote, maneno nayajua, lakini nikifika chini ya ukurasa hakuna kilichoingia, narudi juu, nashuka tena, mpaka chai inapoa. Nilikuwa nikikuchukia kwa nguvu sana, shangazi. Nilikuwa nikiamka asubuhi kwa ajili ya hasira ile, ndiyo iliyonivalisha viatu. Barua yako iliponieleza, ikaninyang'anya na hiyo. Sasa sina wa kumlaumu. Nimebaki na siku ya tarehe sita tu.

Umesema huombi msamaha. Nami siwezi kukuambia nimesamehe, nimejipekua nisije nikawa mwongo, msamaha sijaukuta. Kama upo, uko mahali ambapo bado sijafika. Na ungeniambia mwezi wa Januari, kwa neno moja tu, ningepanda basi na tumbo langu nikaja kukusomea wewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ungekuwa umenipa kitu cha kufanya.

Likizo yangu ni Desemba. Sisemi nakuja. Usimtume mtu kituo cha basi.

Kigeuze kiti. Usikae ukiangalia ukuta.

Nilimuuliza daktari wa kiwandani kuhusu ugonjwa wako. Ameniambia wapo ambao jicho limesahau herufi lakini kidole bado kinaijua, wakiipitia taratibu kama wanaoiandika. Si wote. Kwa hiyo ndani ya bahasha nimeweka kipande cha kitambaa, nimekishonea neno moja kwa uzi mnene, herufi kubwa. Ni jina la mwanangu. Mwezi wa tatu sikukutajia jina hilo, kwa kuwa nilitaka ulisikie kwangu ukishafika. Ndilo lililopo kwenye kibao kule alikolala. Fundi akupe mkononi, ulitafute mwenyewe, hata likichukua siku nzima.

Nimeishia hapo, shangazi.

Fundi, mistari hii ya chini ni yako, usiisome kwa sauti. Akishindwa asubuhi, mwache ajaribu mchana. Akishindwa mchana, mwache ajaribu kesho. Asikushawishi umtajie. Ndilo alilokuwa akilitia sahihi pembeni mwa kila ukurasa kule uchapaji, miaka thelathini na moja. Ni jina lake.